Kigoda cha Kukhu Hakikuwa na Pepo



Leo sina neno fupi la kutia moyo. Nina mzigo, na najua wengine mtanikasirikia. Lakini naomba usome hadi mwisho kwanza, kisha unikemee ukitaka.

Juzi dada mmoja wa kanisani alikuja kuniona akilia. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa ukombozi wa siku tatu. Aliyekuwa akihubiri alimwambia kwamba haolewi kwa sababu nyumbani kwake kuna "kitu cha bibi". Akafikiri, akakumbuka: kiondo, leso mbili na kibuyu cha maziwa, vyote vya nyanya aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Akavipeleka. Vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa hadharani, watu wakishangilia. Kisha akaambiwa atoe sadaka ya kufunga mlango, adui asirudi.

Aliniambia, "Mchungaji, zile leso zilikuwa bado zinanukia moshi wa jikoni kwa nyanya. Sina kitu kingine chake."

Wapendwa, nilishindwa kumjibu. Siwezi kumrushia mtu mawe kwa kosa ambalo hata mimi nimelifanya.

Nilipookoka nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiwaka kama makaa. Nilienda nyumbani Kakamega kumtembelea Kukhu, mama ya baba yangu. Jikoni kwake kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu ambacho babu alimchongea wakiwa bado vijana. Kilikuwa kimekuwa cheusi kwa moshi na kung'aa kwa kukaliwa. Utoto wangu wote uko kwenye kile kigoda. Ni pale alipokaa akinimenyea viazi vitamu, ni pale aliponifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Lakini mimi, mtu wa miezi mitatu katika wokovu, nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu chochote cha wazee ni mlango wa mapepo. Nikakitoa nje, nikakichoma.

Kukhu alisimama mlangoni, akatazama hadi kikaisha. Hakunilaani, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umemaliza? Basi njoo ule."

Miaka mingi baadaye, siku tulipomzika, shangazi yangu alinivuta kando. Akaniambia, "Unajua kile kigoda kilikuwa cha nini? Magoti yake yalikuwa yameharibika. Kila siku saa kumi alfajiri alikishika ndipo aweze kupiga magoti. Jina lako ndilo alilolitaja kwanza. Ulipokichoma, akaanza kushika ndoo iliyopinduliwa."

Nilichoma mahali nilipoombewa wokovu, halafu nikajiita shujaa wa imani. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Sasa twende kwenye Neno, maana najua andiko mtakaloniletea. Mtasema Matendo 19:19, watu wa Efeso walichoma vitabu. Naam, walichoma, na mimi nasema amina. Lakini soma vizuri. Vilikuwa vitabu vya uganga. Waliovichoma ndio waliokuwa wakivitumia, na walitubu matendo yao wenyewe. Thamani yake ilifika vipande elfu hamsini vya fedha, na Paulo hakuomba hata kimoja. Hakuna aliyetumwa nyumbani kwa nyanya yake kutafuta kikapu.

Soma Yoshua 4. Mungu mwenyewe aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake wasimuliwe. Mungu alijua kwamba mtoto anahitaji kitu cha kushika ndipo aulize swali. Soma Waebrania 11:21. Yakobo mzee anaabudu akiwa ameegemea fimbo yake. Mnataka tuichome na hiyo fimbo? Soma 2 Timotheo 1:5. Paulo anapotafuta chimbuko la imani ya Timotheo anamtaja nyanya yake, Loisi. Wewe unafundishwa kwamba kutoka kwa nyanya unarithi laana tu. Mbona hufundishwi kwamba unaweza kurithi imani?

Na kuhusu laana, Ezekieli 18 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Kama damu ya Yesu haiwezi kushinda kiondo cha mkonge, basi tumehubiri nini miaka hii yote?

Sisemi kwamba hakuna vitu vya kuchoma. Vipo. Hirizi, dawa ya mganga, kitu kilichotolewa kafara, usikiweke ndani hata siku moja. Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, ingawa Musa ndiye aliyeitengeneza, kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Kipimo ndicho hicho. Je, kitu hiki kilitumika kwa uganga? Je, wewe unakiabudu, unakiogopa au unakitegemea? Kama jibu ni hapana, hicho ni kiti. Ni kikapu. Ni leso. Osha, kunja, weka.

Halafu nina swali moja kwa watumishi wenzangu. Mbona pepo wa bibi anakaa kwenye kibuyu lakini hakai kwenye shamba lake? Kibuyu mnasema kichomwe, lakini hatimiliki mnasema iuzwe na mbegu iletwe madhabahuni. Pepo gani huyu anayejua bei ya soko?

Msidhani nafanya mzaha. Mafundisho haya yana mwisho mbaya. Ukimfundisha kijana kwamba vitu vya nyanya vina uchawi, hatua inayofuata ni kuamini kwamba nyanya mwenyewe ni mchawi. Mwaka 2008 huko Kisii, watu walioshukiwa uchawi walichomwa hadi kufa, wengi wao wakiwa wazee. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi ukichunguza unakuta jamaa zao na ugomvi wa shamba. Mvi zimekuwa ushahidi wa mashtaka! Biblia inasema mvi ni taji, Mithali 16:31. Kanisa la Pentekoste lisipokemea jambo hili, litaulizwa.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Kama nyanya au babu yako yu hai, nenda umwone, au piga simu leo. Muulize habari za kile kitu cha zamani kilicho nyumbani kwake: nani alikitengeneza, alikipata mwaka gani, alikuwa akipitia nini. Mrekodi kwa simu yako. Huenda ukasikia ushuhuda ambao hakuna mhubiri wa mkutano anayeweza kukupa. Na kama ulishachoma kama mimi, tubu. Bado yu hai? Mwambie pole. Ametangulia? Waambie watoto wako jina lake na namna alivyoomba.

Yule dada tuliomba naye. Kisha nikamwambia anisimulie habari za nyanya yake, akasimulia karibu saa mbili. Hilo halikuchomeka.

Baba, tusamehe pale tulipowaaibisha waliotuombea. Walinde wazee wetu. Utupe macho ya kutofautisha kati ya sanamu na kumbukumbu. Katika jina la Yesu, amina.

Mtaje nyanya au babu aliyekuombea hapo chini. Leo tuwaheshimu.