Mastaa wanaouza "Ulaya" ya Cyprus waseme ni upande gani

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, mastaa wa mjini wanageuka maofisa udahili. Juzi alikuwa anatangaza sabuni ya kung'arisha uso, leo anatangaza chuo kikuu. Picha haibadiliki: bahari ya bluu, miwani ya jua, koti limetupiwa begani. Kapsheni nayo ni ile ile: "Soma Ulaya bila IELTS, ada nafuu, viza uhakika, njoo DM."

Chuo gani? Njoo DM. Nchi gani? Cyprus. Cyprus upande gani? Hapo ndo kimya kinaanza. Kuna mdada mwenye wafuasi lukuki aliulizwa swali hilo akiwa laivu, akajibu kuwa wenye wivu hawakosekani, kisha komenti ikafutwa. Swali lenyewe halikuwa la wivu. Lilikuwa la jiografia.

Kisiwa ni kimoja lakini pande ni mbili. Cyprus ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza mwaka 1960. Mwaka 1974, baada ya mapinduzi yaliyosukwa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, jeshi la Uturuki liliingia na kushika kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini wakajitangazia nchi yao, na hadi leo nchi inayowatambua ni Uturuki peke yake. Kusini ndiko inakoendesha mambo Jamhuri ya Cyprus, iliyoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na inayotumia euro. Kaskazini hela ni lira ya Kituruki, na sheria za Umoja wa Ulaya hazifanyi kazi huko. Katikati kuna ukanda unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na unaupasua hata mji mkuu, Nicosia.

Staa haya yote hayasemi, na sababu iko wazi. Mteja wake hanunui shahada, ananunua neno "Ulaya". Likitoka hilo neno, dili limekufa na kamisheni imekwenda nalo.

Anayelipa ni nani? Ni mama aliyeuza kiwanja Chanika. Ni mzee aliyekopa kazini miaka miwili kabla ya kustaafu. Kijana anaagwa kwa sala na picha za familia, anapanda ndege hadi Istanbul, kisha anaunganisha hadi uwanja wa Ercan, ambao ndege zake zote zinatokea Uturuki. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa sheria ya Jamhuri ya Cyprus, mgeni anayeingia kisiwani kwa kupitia Ercan ameingia isivyo halali. Akienda kwenye kivuko cha Nicosia akidhani anatembelea Ulaya, anaweza kurudishwa pale pale. Aliyeambiwa "ukifika tu, Italia mkononi" anagundua Italia iko mbali vile vile kama alipokuwa Chanika.

Hata kusini si kwamba mambo ni mteremko. Mwaka 2004 nchi kumi ziliingia Umoja wa Ulaya kwa pamoja. Mwishoni mwa 2007 tisa kati yao zikaingia Schengen, Cyprus ikabaki nje. Ndo maana kwa miaka yote hiyo kibali cha mwanafunzi wa Nicosia hakikumpa ruhusa ya kwenda kuzurura Paris wikiendi. Na Chuo Kikuu cha Cyprus, cha serikali, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1992, shahada za kwanza kinazifundisha hasa kwa Kigiriki. Anayetaka Kiingereza anaishia vyuo binafsi, na huko pochi inaongea.

Kisha kuna hii ngoma ya "skolashipu ya asilimia 50". Skolashipu ambayo kila aliyekuja DM anaipata si skolashipu, ni bei. Nusu iliyobaki inalipwa kwa euro, kila mwaka, na mzazi anayepokea shilingi. Bado kodi ya nyumba, bima, kibali cha kukaa na chakula. Hayo kwenye posti hayamo, maana hayapigiki picha.

Utetezi wao unajulikana: "Watu wametoboa kule, acheni roho mbaya." Kweli, wapo waliotoboa. Kaskazini kuna vyuo vya kweli vyenye historia. Eastern Mediterranean University pale Famagusta ilianza mwaka 1979, na wahitimu wake wapo duniani kote. Anayejua anakwenda wapi, amepiga hesabu zake na hela anayo, aende zake na Mungu amtangulie. Kusoma kaskazini si kosa. Kosa ni kumuuzia mtu kaskazini kwa jina la kusini, halafu akilalamika aambiwe hajui kupambana.

Na kinachouma zaidi ni kwamba biashara hii inawageuza walioumia kuwa wauzaji. Kijana amekwama ada ya mwaka wa pili, kurudi nyumbani mikono mitupu anaona aibu, wakala anamwambia alete wawili apunguziwe deni. Basi naye anaposti bahari, naye anaandika "njoo DM". Binamu yake anaiona picha, anamfuata mama kuhusu kile kiwanja kilichobaki.

Dawa yake haihitaji kamati. Anayetangaza chuo aandike kwenye kapsheni jina la chuo, mji, upande wa kisiwa na uwanja wa ndege wa kushukia. Aandike pia kwamba analipwa kwa kila kichwa. Mzazi naye, kabla ya kutuma hata senti, aulize TCU kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa. Wa Kenya aulize CUE. Kuuliza kabla ya kulipa ni nauli ya daladala. Kuuliza baada ya kulipa ni kiwanja kizima.

"Kaskazini" ni neno la herufi tisa tu, linaenea kwenye kapsheni yoyote. Staa anayeshindwa kuliandika anajua vizuri kwa nini hataki kuliandika. Na wadau mlioko kule, mnaoijua Ercan kwa macho yenu, uwanja wa komenti ni wenu. Wadogo zenu wanasoma.