Augusta Chiwy, Muuguzi wa Bastogne

Juma hili twamkumbuka mwanamke mmoja ambaye jina lake halikuwamo katika vitabu vyetu vya shule. Augusta Chiwy alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Burundi, wakati ule ikiwa chini ya Wabelgiji. Baba yake alikuwa Mbelgiji, mganga wa mifugo. Mama yake alikuwa Mkongomani, na kwa upande huo Augusta ni binti yetu. Alipopata miaka 9 alipelekwa Bulaya, katika mji wa baba yake, Bastogne. Akakua huko, akasomea uuguzi katika mji wa Leuven.

Mwezi wa Desemba 1944 Augusta alifunga safari kwenda Bastogne, apate kula Noeli pamoja na baba yake. Lakini tarehe 16 ya mwezi huo Wadachi walikuwa wameanza shambulio kubwa katika misitu ya Ardennes. Bastogne ni mji mdogo, ila barabara 7 zinakutana hapo; kwa hiyo kila jeshi liliutaka. Baada ya siku chache Waamerika waliokuwamo walizungukwa pande zote, katika theluji na baridi kali.

Mganga wa jeshi la Amerika, jina lake John Prior, alikuwa na majeruhi zaidi ya 100 katika nyumba moja ya mjini, wamelala chini sakafuni. Dawa zilikuwa karibu kwisha. Akaenda kumwomba Augusta msaada, naye hakukataa. Muuguzi mwingine wa mji, Renée Lemaire, alikuwa amekwisha kujitoa pia. Prior aliandika baadaye kwamba Renée aliwafariji wagonjwa, akawanywesha na kuwaosha, lakini mbele ya damu mbichi alirudi nyuma. Augusta, aliyekuwa mfupi wa kimo, hakuogopa kufunga mifupa iliyovunjika wala kushika mguu unaokatwa.

Je, wote walimshukuru? Hapana. Katika jeshi la Amerika la siku zile weusi na weupe walitengwa, na majeruhi mmoja mweupe alikataa kuguswa na mikono yake. Mganga akamjibu wazi: akubali kutibiwa naye, au afe. Twawaza moyo wa dada yule aliyesikia maneno hayo huku ameshika bandeji mkononi, kisha akaendelea na kazi.

Zaidi ya hayo, alivaa nguo za askari, akatoka pamoja na mganga kwenda kuokota majeruhi uwanjani, risasi zikipita. Husimuliwa kwamba siku moja Prior alimtania kuwa ufupi wake ndio uliomwokoa. Naye akajibu kuwa uso mweusi katika theluji nyeupe ni shabaha rahisi. Basi Wadachi hawajui kupiga bunduki!

Jioni ya mkesha wa Noeli bomu la ndege likaiangukia nyumba ya wagonjwa. Renée akafa, pamoja na majeruhi kama 30. Augusta alikuwa katika nyumba ya jirani. Kishindo kikamtupa ukutani, lakini akainuka mzima. Renée alikuwa ametamani mwavuli mmoja wa hariri, ule wa kushushia mizigo kutoka ndegeni, ajishonee nguo ya arusi. Mganga aliufunga mwili wake katika mwavuli mweupe wa namna hiyo, akaupeleka kwa wazazi. Tarehe 26 vifaru vya Jenerali Patton vikafungua njia ya mji.

Vita vilipokwisha Augusta alirudia uuguzi, akaolewa, akazaa watoto 2. Mambo ya Bastogne hakuyasimulia. Mji ulimkumbuka Renée. Yeye, watu wengi walidhani amekufa usiku ule ule. Hata mwandishi wa historia, Martin King, akamtafuta, akamkuta katika nyumba ya wazee karibu na Bruseli. Ndipo mwaka 2011, miaka 67 imekwisha pita, Mfalme Albert II alipompa nishani ya Taji, na jeshi la Amerika likamheshimu vilevile. Kwa maoni yetu heshima hiyo ilichelewa mno. Mwenyewe alisema tu kwamba alitenda jambo la kawaida, maana wote ni watoto wa Mungu.

Alifariki tarehe 23 Agosti 2015, mwenye miaka 94.