Sheria ya vyuma vikuukuu isimwangamize fundi wa mapambo

RAIS Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu mnamo Januari 2022, Wakenya wengi waliwafikiria wezi wa nyaya na minara ya umeme. Siku chache kabla ya hapo, Januari 11, nchi ilikuwa imetumbukia gizani baada ya minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuporomoka jijini Nairobi. Wachache mno walimkumbuka fundi wa Kibera ambaye hununua kufuli mbovu na kuziyeyusha ili atengeneze bangili.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka uo huo. Hata hivyo, swali lililoibuka wakati huo lingali halijajibiwa: je, sheria itamtenganisha vipi mwizi wa shaba na fundi anayeigeuza takataka kuwa pambo?

Kazi yenyewe si ya mzaha. Fundi hukusanya kufuli, funguo, mabomba na vipuri vya shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Huvitia katika chungu juu ya makaa yanayopulizwa hadi vifikie joto la zaidi ya nyuzi 900, kisha huumimina uji huo wa moto ndani ya kalibu. Hapo ndipo huanza kuufua, kuupiga tupa, kuusugua kwa msasa na kuung'arisha hadi uwe mkufu, herini au kikuku. Wengine huongezea vipande vya mifupa na pembe za ng'ombe, ambavyo vimechukua nafasi nzuri katika nchi iliyoteketeza hadharani tani 105 za pembe za ndovu mwaka 2016.

Ugumu uko katika chimbuko la malighafi hiyo. Mita ya maji iliyong'olewa ukutani usiku wa manane huyeyuka sawasawa na bomba lililochakaa. Zikishaingia katika chungu kimoja, hakuna jicho wala mizani ya kuzitofautisha. Ndiyo maana haitoshi kumtetea fundi kwa kusema kuwa ni maskini anayejitafutia riziki. Mama aliyeamka akakuta mfereji wake umekatwa naye pia ni maskini.

Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 ilikusudia kuuziba mwanya huo kwa kuwataka wafanyabiashara wawe na leseni na waweke kumbukumbu za wanaowauzia. Ni nia njema. Lakini mfanyabiashara anayepakia malori ana karani na ofisi, ilhali fundi ana gunia moja na meza chini ya mabati. Ukiwapima wawili hao kwa kipimo kimoja, yule mkubwa atalipa na kuendelea na shughuli zake, na yule mdogo atajificha uchochoroni. Akishajificha, atanunua kwa yeyote, na hapo ndipo mwizi hupata soko.

Dawa ya tatizo hili ni kumpa fundi njia halali ya kupata malighafi, na iliyo bora zaidi ni michango. Japani ilionyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana. Kati ya mwaka 2017 na 2019, wananchi wa nchi hiyo walichanga simu na vifaa vingine vikuukuu vya kielektroniki, vikakusanywa tani 78,985. Humo mlipatikana kilo 32 za dhahabu pamoja na fedha na shaba, zikatosha kutengeneza takriban medali 5,000 za michezo ya Tokyo. Wakenya walirejea nyumbani na 10 kati ya medali hizo, nne zikiwa za dhahabu. Ile aliyovishwa Eliud Kipchoge baada ya kushinda marathon mwaka 2021 ilitokana na madini ya vifaa hivyo. Hakuna aliyeuliza iwapo ni ya wizi, kwa kuwa kila hatua ilifanyika hadharani.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Katika miji ya Pwani, mwanamke huchukua vipuli vilivyovunjika au mkufu uliokatika na kumpelekea sonara, akavitia motoni na kumfulia pete mpya. Sonara na mteja wake wanajuana, na dhahabu ile ina historia inayofahamika. Imani hiyo ndiyo inayokosekana katika biashara ya shaba.

Inaweza kujengwa. Hoteli inayobadilisha mabomba, shule inayotupa kufuli na familia yenye herini zisizo na pacha zinaweza kuvikabidhi vitu hivyo kwa chama cha mafundi kilichosajiliwa, pamoja na barua inayoeleza vilikotoka. Chama kiwe na daftari moja na leseni moja ya ada nafuu kwa niaba ya wanachama wote. Polisi akija, asikute ubishi bali akute maandishi. Ukaguzi ufanywe kabla ya shaba kuyeyushwa, kwani baada ya hapo ushahidi huwa umeteketea.

Usajili huo ungefaa pia kwa afya. Moshi wa zinki humletea fundi homa na baridi kali, na mabomba mengi ya zamani yana risasi ndani yake, madini yenye sumu hasa kwa watoto ambao hawaachi kutia mikufu mdomoni. Ni rahisi zaidi kuwafunza usalama mafundi wanaojulikana waliko kuliko wanaofanya kazi kwa kuviziavizia.

Wanunuzi nao wana wajibu. Anayeuliza bei ya bangili na aulize pia shaba yake ilitoka wapi, maana mnunuzi asiyeuliza humnufaisha mwizi bila kujua.

Bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi mnamo Oktoba 2025, na pambo la shaba litaendelea kuwa kimbilio la wengi. Serikali haina budi kuamua sasa iwapo inamtaka fundi huyu awe mshirika wake katika kupambana na wizi wa vyuma, au imsukume gizani pamoja na wezi. Wahenga walinena kuwa samaki mmoja akioza, huoza wote. Lakini mvuvi mwerevu hamwagi tenga zima baharini, huketi akachambua.