Mlango wa Vijana: Breki ya Mkono



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja akaaye na wazee wake Uingereza. Atueleza kwamba yeye na baba yake wamo katika kuunda motokaa kwa mikono yao wenyewe. Huu ni mwaka wa pili, na kazi imekaribia kwisha. Kilichobaki ni breki ya mkono. Waya walioutoa katika motokaa kuukuu ulikuwa mrefu kupita kiasi. Baba akaukunja, akaukaza kwa vibano viwili vya chuma, na breki ikashika. Lakini kijana alipolala chini ya motokaa aliona nyuzi tatu za waya ule zimekatika penye kibano. Uwanja wa mbele ya nyumba yao una mteremko uelekeao barabarani, na ndugu zake wadogo hucheza hapo kila jioni.

Auliza mambo mawili. Je, waya ule watosha? Na kama hautoshi, atamwambiaje baba yake, ambaye kazi yote hiyo ameifanya kwa mapenzi, wala hakuzoea kusahihishwa na mwanawe?

Tumeona vyema kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwani vijana wetu wengi wapenda ufundi, na jambo lililo katika barua hii laweza kutokea katika nyumba yo yote.

Kwanza tuwaeleze wasiojua ni motokaa ya namna gani hii. Uingereza kuna desturi ya muda mrefu ya mtu kununua fremu, bodi na vyombo vingine vikiwa mbalimbali, kisha akaviunganisha nyumbani. Injini, gia na ekseli ya nyuma aghalabu hutolewa katika motokaa ya zamani. Iliyo mashuhuri sana katika namna hii ni Lotus Seven, iliyotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Zama hizo aliyenunua vipande akaunganisha mwenyewe alisalimika na kodi iliyotozwa motokaa nzima, na nafuu hiyo ikawavuta wengi. Mwaka 1973 kodi ikabadilishwa na nafuu ile ikaondoka. Mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuiunda Seven. Hata hivyo desturi haikufa, kwa kuwa watu walikwisha kuona ladha ya kuendesha kitu walichokiunda wao.

Ila motokaa ya namna hii ina tabu yake. Kila kiungo kilichotoka kwingine kilipimiwa mwili mwingine. Waya wa breki ya mkono uliotoka katika Ford Sierra, kwa mfano, ulikatwa kwa urefu wa Sierra, na kwa mahali mkono wa breki ulipokuwa ndani ya Sierra. Ukiutia katika motokaa nyembamba na fupi, ambayo mkono wake umewekwa pengine, lazima utazidi au utapungua. Kwa hiyo baba yako, ewe mwanetu, hakukosea alipoona kwamba waya haufai kama ulivyo. Lililo baya ni dawa aliyoutia.

Sasa na tutazame kazi ya waya huu. Waya wa breki una sehemu mbili: waya wa ndani, uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma cha pua au cha kawaida, na ala ya nje inayoufunika. Ernest Bowden alipewa hati ya namna hii ya waya mwaka 1896, na watu waliizoea katika baiskeli kabla ya kuizoea katika motokaa. Siri yake ni moja: waya wa ndani huvuta, na ala husukuma kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo ala lazima ishikwe imara katika ncha zake mbili, huku kwenye fremu na huku karibu na gurudumu. Ala isiposhikwa, mtu atavuta mkono wa breki, nayo ala itajikunja na kusogea, na breki isipate cho chote. Wengi hulaumu viatu vya breki, na kumbe kosa ni la kishikizo cha ala.

Waya uliosokotwa hupata nguvu zake kwa kuwa nyuzi zote huvuta pamoja. Ukiukunja na kuubana kwa kibano, zile nyuzi za nje ya kunjo hubeba zaidi, na zile zilizo chini ya kibano hupondwa. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake huwaendea wenziwe. Wa pili ukikatika, waliobaki huzidi kuchoka. Waya wa namna hiyo haukatiki ukiwa umelegea. Hukatika siku ulipovutwa kwa nguvu, yaani siku motokaa iliposimamishwa mlimani. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: waya ule hautoshi, wala usingetosha hata kama nyuzi zingekuwa zote nzima.

Sheria ya Uingereza yataka breki ya mkono iweze kuizuia motokaa katika kilima cha asilimia 16, yaani kinachopanda mita 16 katika kila mita 100 za masafa, na ikiisha kuvutwa ishikiliwe na chuma chenyewe, si na mafuta ya breki. Tuseme motokaa yenu ina uzito wa kilo 600. Katika kilima hicho kuna nguvu ya karibu kilo 95 inayoivuta iteremke, mchana na usiku, bila ya kuchoka. Penye sakafu sawa nguvu hiyo haipo kabisa. Kwa hiyo mtu anayesema, "Breki imeshika, nimeijaribu gerejini," hajaijaribu bado.

Motokaa iliyoundwa nyumbani, kabla ya kuandikishwa, hupita mbele ya mkaguzi wa serikali katika ukaguzi uitwao IVA, uliochukua mahali pa ule wa zamani mwaka 2009. Na katika ukaguzi wa kila mwaka, waya wa breki ulioharibika au uliopigwa fundo ni sababu ya motokaa kukataliwa. Lakini mkaguzi huona motokaa kwa saa chache, na watoto hucheza karibu nayo kila siku.

Cha kufanya ni kununua waya mpya uliotengenezwa kwa kipimo chenu. Wako mafundi wafanyao kazi hiyo, na vichwa vya waya huvibana kwa mashine. Chukueni kamba nyembamba, mwipitishe njia ile ile ambayo waya utapita, motokaa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Pimeni urefu wa ala peke yake, na urefu wa waya wa ndani unaotokeza huku na huku peke yake. Akosaye kupima hivi viwili mbalimbali hununua mara mbili. Kisha inueni motokaa, ekseli ining'inie hadi mwisho wake, mwone kama kamba yavutika. Ekseli hupanda na kushuka barabarani, na ala lazima iwe na upinde wa kutosha kuifuata. Waya ukiwa mfupi, kila shimo la njiani litawavutia breki bila ya ninyi kutaka.

Njia ya waya iwe na mapinde mapana. Kila pinde kali hula nguvu ya mkono kabla haijafika gurudumuni. Uwe mbali na ekzosi, kwani joto lake huyeyusha ala na kitambaa chake cha ndani. Uwe mbali pia na shafti inayozunguka. Vishikizo vya njiani viushike bila ya kuuminya. Na pale waya mmoja unapogawanyika kwenda magurudumu mawili, pawe na kisawazisho chenye kucheza, ili gurudumu la kulia lisipate zaidi ya la kushoto.

Katika kufunga, tieni kabari magurudumu ya mbele, inueni nyuma kwa jeki, kisha iwekeni juu ya stendi za chuma. Msilale chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Mkono wa breki uwe chini kabisa. Anzeni na viatu vya breki ndani ya ngoma, mvirekebishe mpaka vikaribie kugusa, na gurudumu lizunguke bila ya kukwama. Hapo tu ndipo mwende kwenye waya. Wengi hugeuza mpango huu: viatu vimelika, nao wakaza waya. Breki yaonekana kushika, lakini kile kifaa cha ndani kinachojirekebisha chenyewe hakifanyi kazi, kwa kuwa waya umekwisha kukivuta kabla ya wakati.

Uondoeni ulegevu wa waya, lakini parafujo ya kurekebisha ibaki karibu na mwanzo wake, mpate nafasi ya kukaza siku za mbele. Vuteni mkono kwa nguvu mara kumi hivi, maana waya mpya hujilaza ukavutika kidogo, kisha rekebisheni tena. Mkono ukiwa chini, magurudumu yote mawili yazunguke bila ya kizuizi. Ukipanda meno machache, yaanze kukaza kwa pamoja. Ukifika idadi iliyoandikwa na mtengenezaji, mtu asiweze kuyageuza. Kazeni nati ya kufungia, na kila pini itieni kotapini mpya, wala si ile ya zamani iliyonyooshwa. Mwisho ijaribuni katika mteremko, dereva akiwa ndani na mguu wake karibu na pedali, wala asisimame mtu mbele wala nyuma. Baada ya safari chache lazeni tena mgongo chini mkaitazame.

Tumefika swali la pili, na kwetu hili ndilo zito.

Mwanetu, heshima ya mzazi haikutaki ufiche ulichokiona. Ukinyamaza ili baba asiudhike, kisha likatokea la kutokea, utakuwa umemwepusha na uchungu wa dakika tano ukamtia katika uchungu wa umri mzima. Lakini namna ya kusema iko, na iko mikononi mwako. Usimwambie mbele ya wageni, wala mbele ya wadogo zako. Usianze kwa kusema, "Umekosea." Mngojee akiwa na nafasi, chukua taa, umwambie, "Baba, kuna kitu nimekiona chini, naomba ukitazame pamoja nami." Mwache aone zile nyuzi kwa macho yake. Fundi mwenye mapenzi na kazi yake hahitaji hotuba akiisha kuona waya uliokatika. Kisha mwombe mpime pamoja ule mpya. Wewe shika kamba, yeye asome kipimo.

Na ikiwa hakukubali siku ile, usishindane naye. Tia kabari nzito katika magurudumu, waondoe wadogo zako uwanjani, umweleze mama yako au ami yako, wazungumze naye kwa wakati wao. Motokaa isiondoke, wala isisimamishwe juu ya mteremko ule, mpaka jambo limekwisha.

Nanyi akina baba mnaotusoma, tuna neno dogo kwenu. Mtoto aliyelala chini ya motokaa yako akaona uzi uliokatika, macho hayo umempa wewe kwa kumfundisha. Akikujia na taa mkononi, hakuja kukushusha daraja. Shuka naye ukatazame.

Wazee wetu walipofika safarini hawakumwacha mnyama mlangoni bila ya kamba, na kabla ya kuingia ndani waliitikisa kamba ile kwa mkono kuona kama imeshika. Motokaa haina njaa wala hofu ya kuikimbiza, lakini mteremko waijua. Basi kila anayeegesha, na avute breki, atie gia, akiwa mlimani ameelekea chini ageuzie magurudumu upande wa ukingo wa njia, kisha atazame nyuma mara moja kabla ya kuingia nyumbani.

Mwanetu, tuandikie waya mpya ukifika, utueleze baba yako alisema nini. Twawaombea salama wote wa nyumba yenu.

Wassalaam.