Wasafiri wa ndani ya jiwe

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo, kwa sababu ya ulizo la mama mmoja wa chama. Binti yake anafanya usafi katika nyumba za watu kule Ulaya. Patroni mmoja ana akwariamu ya maji ya chumvi yenye mawe, na ndani ya mawe wanatoka wadudu. Aogope?

Mawe yale ni mifupa ya matumbawe, wanyama wadogo wa bahari. Huitwa mawe hai, maana yamejaa matundu, na mle hukaa vijidudu vinavyosafisha maji. Yakitolewa baharini, wote wanaokaa ndani husafiri nayo bila kulipa nauli.

Wengi hawana ubaya mkubwa. Mnyoo wa rangi ya waridi wenye manyoya meupe mbavuni hutisha macho, lakini hutoka usiku kula mabaki ya chakula. Asishikwe kwa mkono mtupu tu, manyoya yanachoma. Kukisikika mlio wa ta! ta! ndani ya maji, huenda ni kamba yule mwenye mikono kama nyundo, anayevunja konokono. Kuna na mnyama kama ua dogo la kahawia: ukimkata, kila kipande kinaota, kama magugu ya shambani.

Wa kuogopwa kweli ni wale wazuri, zoantidi. Wanafanana na vifungo vya shati vya rangi nyingi, vyenye nywele pembeni, vimeshikana juu ya jiwe kama mkeka. Wakiguswa wanajifunga. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Na sisi wamama, kitu kichafu tunachemsha! Hapo ndipo kuna hatari. Jiwe likichemshwa, likimwagiwa maji ya moto ao likisuguliwa kwa burashi, sumu inaweza kuruka hewani na kuingia katika pumzi. Mwaka 2018, kijijini Steventon, Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitalini kwa sumu ya akwariamu moja ya nyumbani. 4 kati yao walikuwa wa huduma ya dharura.

Basi binti asafishe kioo upande wa nje. Mawe amwachie mwenyewe, hata akiombwa. Akikohoa, kifua kikibana ao homa ikipanda, atoke nje mara moja, aende hospitalini, na amwambie muganga wazi kwamba palikuwa na mawe ya akwariamu.