Kodi ya miezi sita inatuumiza waajiriwa wapya



Nilishuka stendi ya Moshi na begi moja, godoro la futi tatu kwa sita na barua ya kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu chuo. Dalali alinizungusha siku nzima, Mawenzi, Majengo hadi Pasua. Kila mlango jibu lilikuwa moja: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Mtu hajauona hata mshahara wa kwanza! Nao ukiingia, tuliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Mwishowe aliyenipokea ni mama mmoja mjane. "Mwanangu, lete ya mwezi mmoja tu. Na mimi nina kijana anatafuta chumba Dodoma." Jioni akanigongea na chane ya ndizi na ndoo ya maji.

Nawaomba wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi mwezi kwa mwenye barua ya ajira. Na waajiri, pesa ya kujikimu itoke siku kijana anaporipoti, wakati bado analala sebuleni kwa watu.

Mwajiriwa mpya,
Mawenzi, Moshi