Msiniite Shujaa

Kuanzia mwezi huu, shajara ninayoandika kuhusu maisha yangu na selimundu haiitwi tena Shajara ya Shujaa. Jina hilo nilitunukiwa na watu wanaonipenda, na upendo wao naupokea. Jina nimelivua. Nanyi mnaotuita mashujaa kila ifikapo Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, nina neno nanyi.

Kwetu Nyalikungu, kama kote Usukumani, jina lina kazi yake. Kulwa na Doto ni mapacha. Shija ndiye anayewafuata. Mabula alikuja na mvua. Jina linaeleza mtu alivyoingia duniani. Halimpangii namna ya kulia. "Shujaa" linapanga. Shujaa huvumilia, halalamiki. Akifikishwa wodini saa nane usiku, mifupa ikimuuma kana kwamba inatwangwa kinuni, anaambiwa ajikaze, kwani yeye si shujaa? Dawa ya maumivu inasubiri asubuhi.

Najua neno hili lilikuja kujibu nini. Tuliambiwa tumerogwa. Tuliambiwa damu yetu inanyonywa usiku. Wazazi wetu waliambiwa hatutafika miaka 18, hivyo ada ya shule ni hasara. Mbele ya maneno hayo, "shujaa" lilikuwa ngao, na aliyeliinua alitusaidia. Ila ngao haitibu.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa kasoro iko kwenye himoglobini. Mtoto huupata kwa kurithi jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imeenea sana huku Kanda ya Ziwa. Vita ninayodaiwa kupigana iko wapi hapo? Mimi naona urithi, na naona matibabu.

Matibabu yapo. Tangu 1986 inajulikana kwamba penisilini ya kila siku huwakinga watoto wenye selimundu na maambukizi yanayoua haraka. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda: watoto waliotumia haidroksiyurea waliumwa mara chache, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mtoto mchanga hupimwa kwa tone la damu ya kisigino.

Basi niambieni: mtoto ambaye hakupimwa, akafariki na miaka mitatu kwa homa iliyodhaniwa ni malaria tu, alipungukiwa nini? Ushujaa? Mkimwita aliyesalia shujaa, aliyezikwa mnamwitaje? Mama yake husikia hilo swali kila mnapotupigia makofi.

Kiswahili kimewahi kujisahihisha. Tulifundishwa kuacha "zeruzeru" na kusema mtu mwenye ualbino. Tulifundishwa kuacha "mwathirika" na kusema mtu anayeishi na VVU. Walioidai lugha hiyo waliidai pamoja na mahitaji yao, na leo dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini. Haidroksiyurea yangu mimi huitafutia hela kila mwezi, na mwezi ambao hela haipo, sifa ya ushujaa hainunui hata kidonge kimoja.

Shajara sasa inaitwa Mwenye Selimundu. Neno "mwenye" tunalijua uzito wake: mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye mali. Shujaa hupewa pongezi akaenda zake. Mwenye huja kuuliza chake.

Nauliza, basi. Juni 19 ijayo, kabla hamjachapisha fulana, nendeni kwenye hospitali iliyo karibu nanyi, ya wilaya au ya mkoa. Ulizeni kama haidroksiyurea ipo leo, na inauzwa bei gani. Ulizeni watoto waliozaliwa wiki hiyo wamepimwa wangapi. Ulizeni benki ya damu ina chupa ngapi. Ikiwa chache, kunjeni mikono ya mashati mchangie. Majibu mtakayopewa yaandikeni kwenye hizo fulana.